Bomba la Kufukia Ardhini

Bomba likiugua ardhini, nyumba nzima huugua. Maji ya mtaani yanapokatika, bomba lililotoboka huweza kufyonza uchafu wa udongoni. Yanaporudi, uchafu huo huletwa hadi mtungini mwa watoto. Kwa hiyo unapobadilisha bomba litokalo kwenye mita hadi nyumbani, usitazame bei peke yake.

Bomba la chuma lililopakwa zinki ni gumu, lakini katika udongo wenye chumvi, kama ule wa pwani, huliwa na kutu. PVC haishiki kutu, ila huja vipande vipande, na kila kiungo cha gundi chaweza kuvuja. Afadhali poliethilini, lile bomba jeusi liuzwalo kwa roli: laweza kufika nyumbani bila kiungo ardhini. Lililoandikwa PN 10 hustahimili msukumo wa maji yenye kimo cha mita 100 hivi. Lakini usilipitishe penye udongo uliomwagikiwa petroli, kwani petroli hupenya plastiki hiyo.

Lilaze juu ya mchanga usio na mawe, kisha fungulia maji ulikague lote kabla ya kulifukia. Gharama ya mtaro usiilipe mara mbili.