Kanga za bibi: ya kumbukumbu ichague kwa macho, ya mtoto ichague kwa pua

Katika nyumba nyingi za Mikindani, Msimbati na vijiji vya ukingo wa Ruvuma, mali ya mwanamke haiko benki. Iko kwenye sanduku chini ya kitanda, na ndani yake ni kanga. Nyingine zilitoka harusini, nyingine zilitunzwa siku ya kumtoa mwali, nyingine zilinunuliwa msimu wa korosho ulipolipa vizuri. Zipo ambazo hazijawahi kuguswa na maji.

Siku hufika sanduku likafunguliwa ili watu wachague. Mara nyingi ni kwa sababu mbili: bibi amefariki na watoto wake wanagawana, au mjukuu amejifungua na bibi anataka kumtolea zile anazozipenda kuliko zote. Hapo huulizwa maswali matatu: ipi ina thamani, ipi ibaki sandukuni, na ipi afunikwe mtoto?

Kwa anayetafuta thamani, kanga husomwa sehemu tatu: pindo linaloizunguka, mji ulio katikati, na jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa. Kanga yenye jina kwa herufi za Kiarabu huenda ni ya zamani sana, kwa kuwa majina yaliandikwa hivyo kabla ya herufi za Kilatini kuenea. Wengine hutafuta alama ya K.H.E. na maneno "Mali ya Abdulla". Hiyo ni alama ya duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, lililoanzishwa mwaka 1887. Lakini alama hiyo imeendelea kutumika miaka mingi, hivyo peke yake haithibitishi umri. Kanga za kiwanda cha Urafiki cha Dar es Salaam haziwezi kuwa za kabla ya mwaka 1968, kwani ndipo kiwanda kilipofunguliwa.

Zipo pia kanga za matukio. Waliovaa kanga zenye picha ya Mwalimu Nyerere baada ya kifo chake Oktoba 1999 wengi bado wanazo. Mwaka 2008 zilitoka kanga za kumpongeza Barack Obama. Kanga za Afrika Mashariki zimehifadhiwa hata British Museum, London, kwa hiyo anayeona sanduku la bibi ni matambara tu anakosea. Mtwara kuna jingine: kapulana kutoka Msumbiji, ng'ambo ya mto, ambazo kwa kawaida hazina jina na huuzwa kwa vipande badala ya doti.

Hata hivyo, bibi akiulizwa anayoipenda zaidi, mara nyingi hatoi ile ya nadra. Hutoa kisutu aliyoolewa nayo, au ile iliyopauka aliyombebea mtoto wake wa kwanza. Thamani hiyo haionekani kwa macho, ni yeye anayeijua. Ndiyo maana ni vizuri kuchagua naye akiwa hai. Mjukuu mmoja ashike daftari na kuandika: kanga hii ilitoka kwa nani, mwaka gani, kwa shughuli ipi. Siku ya mgawo, daftari hilo huondoa ugomvi mwingi. Na dada wawili wanaogombea doti moja wakumbuke kuwa doti ni vipande viwili vinavyofanana. Kila mmoja anaweza kuchukua chake.

Swali la tatu, la mtoto, linahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu hapo kosa linaweza kugharimu uhai.

Masanduku mengi huwekewa vile vidonge vyeupe vyenye harufu kali vinavyouzwa kwa ajili ya kufukuza nondo na mende. Vingi vina kemikali iitwayo nafthalini. Vidonge hivyo huyeyuka polepole kuwa hewa, na hewa hiyo hunasa kwenye kitambaa. Mtoto mchanga akifunikwa kanga hiyo, huivuta kwa pumzi na nyingine hupenya kwenye ngozi yake laini, hasa akiwa amepakwa mafuta.

Kwa watoto wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hatari ni kubwa. Kimeng'enya hicho hulinda chembe nyekundu za damu. Kikipungua, nafthalini huzipasua chembe hizo, mtoto huishiwa damu na kupata umanjano. Umanjano ukizidi hufika kwenye ubongo na unaweza kumuua au kumwachia ulemavu wa kudumu. Upungufu huu hurithiwa, hujitokeza zaidi kwa watoto wa kiume, na ni wa kawaida katika maeneo yenye malaria, pwani yetu ikiwemo. Familia nyingi hazijui kama wanao.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kanga za pamba hazihitaji vidonge hivyo. Viwavi wa nondo wa nguo hula sufu, manyoya na nywele. Mende nao hufuata jasho, wanga na mabaki ya chakula. Kanga iliyofuliwa vizuri, ikakaushwa juani hadi ikauka kabisa na kuwekwa kwenye sanduku linalofunga, imelindwa. Kwa unyevu wa Mtwara, adui mkubwa ni ukungu. Toa kanga nje mara kwa mara zipigwe hewa, na badilisha mikunjo ili kitambaa kisikatike pale pale kila siku. Zile za kumbukumbu zianikwe kivulini, kwani jua kali hupausha rangi.

Kanga iliyokaa na vidonge itundikwe nje siku kadhaa, ifuliwe, kisha inuswe. Ikiwa bado inanuka, isimguse mtoto mchanga, wala mama asiivae anapomnyonyesha au kumpakata. Kupulizia manukato au kufukiza udi huficha harufu tu, kemikali inabaki.

Ugumu uko kwenye heshima. Mkwe aliyejifungua juzi atamwambiaje bibi kwamba kanga yake haifai? Si lazima aikatae. Mume au shangazi anaweza kusema: "Bibi, hii tumeipokea, tunamtunzia mjukuu wako akue nayo. Ya kumfunikia sasa tunaomba ile uliyoifua juzi." Bibi wengi, wakielezwa sababu, huwa wa kwanza kuvitupa vidonge.

Mtoto akionekana na macho, viganja au nyayo za manjano, mkojo kama chai ya rangi, akashindwa kunyonya, akalala kupita kiasi au kukakamaa, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Umanjano unaotokea ndani ya saa 24 za kwanza ni dharura siku zote. Jua la asubuhi si tiba yake. Na mkifika, mwambieni muuguzi kama mtoto alifunikwa nguo zilizotoka kwenye sanduku lenye vidonge, hata asipouliza.