Kobe wa dirishani hapati jua

Mimi ni daktari wa watu, lakini mama mmoja aliniuliza kwa nini kobe wa mwanawe ana gamba laini ilhali humnyunyizia majani unga wa kalsiamu. Anamweka wapi? "Dirishani, penye jua."

Hapo ndipo kosa lilipo. Kioo hupitisha mwanga na joto, lakini huzuia miale ya UVB ambayo ngozi huitumia kutengeneza vitamini D3. Bila vitamini hiyo, kalsiamu nyingi hupita tumboni bure, na mwili huichota mifupani. Watoto wanaofungiwa ndani hupata matege vivyo hivyo.

Balbu ya kawaida haisaidii. Taa ya UVB nayo huishiwa nguvu ingali inawaka. Kwangu mimi, asiye na ua asifuge kobe. Na kibali cha KWS, msomaji, unacho?