Daktari wa kuta za mimea

Ndugu zangu, nimekuwa kimya kwa majuma mawili, mnisamehe. Kazi ya kukimbizana na mikutano ya waandishi wa habari haimwachii mtu nafasi ya kufikiri. Leo nina dukuduku, na nisipolitoa hapa sijui nitalitolea wapi.

Nina rafiki niliyesoma naye Mlimani. Mimi nilikuwa fasihi, yeye botania. Mwaka wa pili nilikosa chumba hosteli, akanibeba mwaka mzima kwenye kitanda chake cha futi tatu. Sasa yuko Marekani, mwaka wa nne wa masomo ya udaktari. Desemba alikuja likizo kwao Muheza, nami nikaenda kumsalimia. Tukiwa tumekaa barazani, shangazi yake akamwuliza:

"Hivi mwanangu, huo udaktari wako ni wa nini hasa?"

"Wa kuta za mimea, shangazi."

"Mimea ina kuta?"

"Ndiyo, shangazi. Tunazijenga upya."

Bibi yule akafikiri kidogo. "Haya. Na huo ukuta unaumwa nini?"

Tulicheka sana. Lakini nimerudi Dar na swali lile limekataa kuniacha.

Twende taratibu. Kila mmea umejengwa kwa seli, na kila seli imezungushiwa ukuta. Mwingereza Robert Hooke, katika kitabu chake cha mwaka 1665, alieleza vyumba vidogo alivyoviona kwa hadubini ndani ya kipande cha gome linalotengenezewa vizibo vya chupa. Hakuona seli hai. Aliona kuta zilizobaki baada ya seli kufa. Kuta hizo zina nyuzi za selulosi, ambazo ni minyororo mirefu ya sukari. Zina himiselulosi na pektini zinazoshikamanisha nyuzi hizo. Na kwenye sehemu zilizokomaa, kama shina la mti, huongezewa lignini. Fikiria nguzo ya zege: selulosi ndiyo nondo, lignini ndiyo saruji. Bila lignini mwembe usingesimama, na maji yasingepanda kutoka mizizini hadi kileleni.

Shida iko hapa. Sukari iliyofungwa ndani ya selulosi inaweza kuchachushwa ikawa mafuta ya kuendeshea magari, lakini lignini inavizuia vimeng'enya visiifikie. Viwanda vya karatasi navyo vinatumia kemikali na moto mwingi kuiondoa. Kwa hiyo ukimwuliza mwenye kiwanda swali la shangazi, atakujibu bila kusita: ukuta unaumwa lignini.

Dawa wanayoijaribu inaitwa bayolojia sintetiki. Ni kuzishika jeni kama fundi umeme anavyoshika nyaya na swichi: unachomoa hapa, unaunganisha pale, taa inawaka unapotaka wewe. Si kazi rahisi. Ukiipunguza lignini hovyo, mmea unadumaa na mabomba yake ya maji yanabonyea. Mwaka 2013 watafiti wa taasisi ya JBEI, California, walionyesha njia ya kulikwepa hilo kwa kutumia mmea mdogo uitwao Arabidopsis. Jeni moja inayohitajika kutengeneza lignini waliiweka chini ya swichi inayowaka kwenye mabomba ya maji. Kisha wakaunganisha swichi nyingine inayojichochea yenyewe, ili kuta za nyuzi zinenepe kwa sukari zaidi. Mmea ukasimama.

Mwaka 2014 kundi jingine lilichukua jeni ya mmea wa dawa wa Kichina, likaitia kwenye mti wa popla. Lignini ikajengwa ikiwa na viungo vinavyofunguka kirahisi, mfano wa zipu. Mwaka 2023 watafiti wa North Carolina State walitumia mkasi wa jeni uitwao CRISPR. Kwanza kompyuta ilipima karibu mikakati 70,000 ya kuhariri jeni za lignini, wao wakachagua 7 ya kujaribu. Baadhi ya miti ilitoka na lignini pungufu kwa karibu nusu.

Kazi nzuri, tena nzuri sana. Lakini hebu tuangalie kuta za kwetu. Mkulima wa pamba wa Shinyanga anauza nini? Uzi mmoja wa pamba ni seli moja iliyorefuka, na zaidi ya asilimia 90 ya uzito wake ukikauka ni selulosi. Anauza kuta. Mkonge wa Muheza ni kuta. Gunia la mkaa ni kuta zilizounguzwa.

Na kwenye mkaa mambo yanageuka. Mti wenye lignini nyingi ndio unaotoa mkaa mwingi zaidi. Kile ambacho mtu wa mafuta ya magari anakiita ugonjwa, kwa mama anayechemsha maharage uswahilini ndiyo afya yenyewe! Nenda kwa mfugaji, jibu linageuka tena. Ng'ombe wake wakila mabua ya mahindi kiangazi, lignini ndiyo inayowanyima sukari iliyomo. Yeye angefurahi ikipungua, mradi bua lisilale chini kabla ya mavuno.

Sisemi tupande misitu ya mkaa. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034, nami nauunga mkono. Ninachosema ni kwamba ukuta hauumwi wala hauponi wenyewe. Ugonjwa wake anautaja yule anayelipia utafiti. Rafiki yangu analipiwa na watu wenye shida ya mafuta ya magari, na ni haki yao kuuliza swali lao. Swali la mabua ya mfugaji wa Kongwa au la jani la mkonge wa Muheza nani atamlipa mtu aliulize?

Mkonge nimeutaja makusudi, maana tayari ulishatufunza. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika hai 62 tu. Kutokana na hiyo likazaliwa zao lililojenga Tanga. Mwaka 1964 tulizalisha tani kama 230,000. Wakati huo huo, katika maabara na viwanda vya mbali, watu walikuwa wameshapata nyuzi za plastiki za kusokotea kamba. Bei ya mkonge ikaporomoka, na yapo makosa mengine tuliyoyaongeza wenyewe, lakini hatujawahi kuurudia wingi ule. Kamba ya dunia ilibadilishwa maabara, sisi tukaja kuliona jambo hilo kwenye bei.

Na hadi leo, unapolichakata jani la mkonge, singa unazopata ni kama asilimia 4 tu ya uzito wake. Kinachobaki ni takataka. Pale Hale, miaka ya 2000, ulijengwa mtambo wa kugeuza takataka hizo kuwa gesi na umeme. Wazo zuri. Lakini asilimia hiyo 96 inastahili madaktari wake, tena wengi.

Nilijaribu kuandika habari hii gazetini. Mhariri wangu aliisoma nusu ukurasa, akauliza, "Nani kasema? Waziri yupi?" Nikamwambia hakuna waziri. Akaniambia niirudishe akipatikana. Simlaumu sana, kwani hata mimi nimeshajifunza kupima uzito wa habari kwa uzito wa msemaji. Lakini ndivyo na sisi waandishi tunavyosaidia kuhakikisha kwamba habari za maabara zinatufikia zikiwa zimeshakuwa bei.

Najua kuna wanaoogopa mambo haya ya jeni. Mimi pia nina maswali: mbegu itakuwa ya nani, hati miliki itashikwa na nani. Mwaka 2016 majaribio ya mahindi yaliyobadilishwa jeni yalianza Makutupora, Dodoma. Mwaka 2018 serikali ikaamuru yasimame. Unaweza kuuunga mkono uamuzi ule au kuupinga, hiyo ni haki yako. Lakini hata kusema "hapana" kunahitaji mtu anayejua anakataa nini. Anayekataa asichokijua leo, kesho atakikubali vilevile bila kukijua.

Wapo watakaosema tusubiri, teknolojia ikiiva tutainunua. Sawa, tutanunua. Tutanunua jibu la swali la mtu mwingine.

Sidai tujengewe California hapa. Nadai mambo mawili tu. La kwanza, vyuo vyetu na taasisi zetu za kilimo zitenge nafasi chache za kudumu kwa vijana wa aina hii. La pili, sehemu ya fedha za utafiti itoke mfukoni mwetu, hata ikiwa ndogo, kwa maswali tuliyoyachagua wenyewe. Mwenye mfuko wake, hata mdogo, ana sauti mezani.

Siku naondoka Muheza, rafiki yangu alinisindikiza stendi. Anamaliza mwaka kesho. Ameshaahidiwa kazi kule. Akaniuliza, "Nikirudi, nitafanyia kazi wapi?" Mimi ambaye kazi yangu ni kuuliza watu maswali nikabaki naangalia basi.

Alinibeba mwaka mzima kwenye kitanda cha futi tatu. Nchi nzima hii haina nafasi ya kumbeba yeye?

Naomba kutoa hoja.