Msingi wa Kanisa Ngomeni Mombasa

Msomaji wangu, vijana wa hapa Riruta wapelekwapo Mombasa kuitazama Fort Jesus, warudipo hutaja mizinga, kuta nene na bahari. Kanisa hawalitaji, ingawa wamelipita uani. Kosa si lao. Ni la wale wanaowahimiza wapige picha kando ya mizinga, kisha wawahi kuogelea.

Ni kweli kwamba kuta zake zimekwisha anguka, umebaki msingi tu. Lakini tazama mahali ulipo. Ngome ilianzwa mwaka 1593 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, Mwitalia wa Milan. Alipanga buruji nne pembeni, mzinga wa huku ulinde ukuta wa kule. Na ndani ya ulinzi huo wote Wareno wakalisimamisha kanisa lao. Je, watu huweka pambo mahali kama hapo?

Wapo watakaosema, "Hayo ni ya Wareno, yatuhusu nini sisi?" Maneno haya ni ya uvivu. Mfalme wa Mombasa, Hasan bin Ahmad, aliuawa mwaka 1614. Mwanawe Yusuf, angali mtoto, akapelekwa Goa, nchini India, akalelewa na watawa Waagostino, akabatizwa na kuitwa Dom Jerónimo. Mwaka 1626 alirudishwa kwao akiwa mfalme Mkristo. Agosti 1631 akaingia ngomeni na watu wake, akamwua jemadari Pedro Leitão de Gamboa, akarejea katika Uislamu. Mwaka uliofuata Wareno walikuja na merikebu kumtoa, wakashindwa; baadaye yeye mwenyewe akaiacha ngome akaenda zake baharini.

Ewe mwanafunzi usomaye kila somo kwa lugha isiyo ya mama yako, wathubutu kusema kijana huyo hakuhusu? Mizinga haiwezi kukueleza kwa nini mtoto aliyelelewa na wageni aliwageukia. Msingi ule waweza, maana dini iliyosaliwa hapo ndiyo aliyofunzwa, na ndiyo aliyoikana.

Waingereza waliifanya ngome gereza tangu 1895 hadi 1958. Ndipo James Kirkman akaanza kufukua, na mwaka 1960 ikafunguliwa kuwa makumbusho. Basi ukifika, ipite mizinga. Simama penye msingi, umwombe mwongozaji akusimulie habari za Yusuf. Na akikuvuta kwenda kwenye mizinga, usiondoke mpaka akujibu.