KABLA HUJAMPA WAKALA PESA YA KWENDA UARABUNI



Ndugu zangu katika imani, wiki iliyopita baada ya swala ya Alasiri mama mmoja wa upande wa Tengeru alinisubiri nje ya msikiti, amefuatana na binti yake. Wakala amewaahidi kazi ya ndani Muscat na anataka shilingi 1,800,000 kabla ya Ijumaa. Mama ameshapata mnunuzi wa ng'ombe wake wa maziwa. Akaniuliza: "Shekhe, pesa ya dalali ni halali? Nimlipe au nisimlipe?"

Najua swali hili si lake peke yake. Ngarenaro, Unga Limited, Usa River, Ngaramtoni, kila mtaa una binti au kijana anayeambiwa maneno hayo hayo. Basi nalijibu hapa, wengi wafaidike.

Kwanza tuweke sawa. Kumlipa mtu akusaidie kuhama au kusafiri si haramu. Bwana Mtume (s.a.w.) mwenyewe, katika safari kubwa kuliko zote, Hijra, yeye na Abubakar (r.a.) walimkodi mwongoza njia kwa ujira. Jina lake Abdullahi bin Urayqit, na wakati huo hakuwa hata Muislamu. Imam Bukhari ameipokea habari hii, na pia ameweka mlango kuhusu ujira wa dalali, akataja wanazuoni wa Tabiina, kama Ibn Sirin na Hasan, ambao hawakuona ubaya ndani yake.

Lakini tazama mapatano yalivyokuwa. Mtu alikuwa bingwa wa njia za jangwani. Walimwamini. Kazi ilijulikana. Mahali pa kukutana palitajwa, pango la Thaur, na muda ukatajwa, baada ya usiku tatu. Naye akatokea asubuhi ya siku ya tatu na ngamia wao. Hiyo ndiyo ijara: kazi inayojulikana, ujira unaojulikana, muda unaojulikana. Ukikosekana ujuzi wa hayo, inaingia gharari, nayo Mtume (s.a.w.) ameikataza.

Sasa pima ahadi ya yule wakala. Mwajiri ni nani? "Mtamjua mkifika." Mkataba uko wapi? "Utasaini huko huko." Nyumba ina watu wangapi, mapumziko ni lini, nani anabaki na pasipoti? Kimya. Ndugu yangu, huyo anakuuzia samaki aliyeko baharini, na wewe unataka kumlipa kwa ng'ombe aliyeko zizini!

Msidhani natia chumvi. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti baada ya kuwahoji wanawake 50 wa Kitanzania waliofanya kazi za ndani Oman na Umoja wa Falme za Kiarabu. Walieleza kunyang'anywa pasipoti, kufanya kazi saa nyingi bila siku ya mapumziko, na mishahara kukatwa au kutolipwa. Msingi wa balaa ni utaratibu unaoitwa kafala, unaofunga ukaazi wa mfanyakazi kwa mwajiri wake. Ukitaka kuondoka, mwajiri au wakala anakwambia: rudisha kwanza gharama zilizokuleta.

Kwa hiyo na yule anayesema "usilipe chochote, utakatwa mshahara kidogo kidogo" naye muogope. Hiyo ni deni, na aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 ya Suratul Baqara, imeshuka kutufundisha kuandika madeni na kuweka mashahidi. Deni lisiloandikwa, katika nchi usiyoijua lugha yake, ni kamba ya shingoni.

Hapa lazima niseme kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa nyuma bwana mmoja alikuwa akiswali safu ya mbele nyuma yangu, ana alama ya sijida usoni. Akaja familia moja kuniuliza habari zake, kwani alikuwa akisafirisha mabinti. Nikasema, "Ni mtu wa msikitini, mwaminifu." Wakamlipa. Binti yao alipitishwa Namanga hadi Nairobi, akarushwa kwa viza ya matembezi, akafanya kazi karibu mwaka mzima, akarudi mgonjwa, mikono mitupu. Mzee yule hakunilaumu. Alinisalimia tu na kupita, na salamu ile inaniuma mpaka leo.

Imepokewa kuwa Umar (r.a.) mtu alimsifia mwenzake mbele yake, akamuuliza: wewe ni jirani yake? Umesafiri naye? Umeshughulika naye kwa dinari na dirhamu? Alipojibu hapana, Umar akamwambia huenda umemuona tu akiinama na kuinuka msikitini, basi humjui. Nilikuwa nimeisomesha habari hiyo darasani mara nyingi, na siku yangu ilipofika nikaisahau.

Basi ndugu yangu, mambo matano kabla hujatoa pesa:

1. Uliza usajili wake. Sheria ya Kukuza Huduma za Ajira ya mwaka 1999 inataka wakala binafsi wa ajira asajiliwe. Usitosheke na picha ya cheti kwenye simu. Nenda ofisi ya kazi ukaulize jina lake.

2. Uone mkataba kabla ya safari, wenye jina la mwajiri, mshahara na mapumziko, kwa lugha unayoisoma. Nakala ibaki nyumbani.

3. Viza iwe ya kazi. Anayekupitisha njia za panya anakuondolea ulinzi wa sheria. Tuna sheria dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu tangu 2008, na mtu wa namna hiyo ndiye aliyewekewa.

4. Jua unalipia nini. Mwajiri wa Ghuba kwa kawaida hulipa ofisi iliyomletea mfanyakazi. Mbona na wewe unatozwa? Na mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1997 unasema mawakala wasimtoze mfanyakazi. Pasipoti unaiomba mwenyewe Uhamiaji, ada yake shilingi 150,000.

5. Kama ipo huduma ya kweli, pateni kwa njia ya ju'ala: malipo baada ya kazi kutimia. Katika Surat Yusuf aliyetafuta kopo la mfalme aliahidiwa shehena ya ngamia akilileta, si kabla. Anayejiamini hataogopa sharti hilo.

Na suala la binti kusafiri bila mahram silikwepi. Wazazi mliulize kabla ya hayo matano, maana usalama wake ndio hekima iliyomo.

Sisemi watu wasiende. Wapo waliokwenda kwa njia safi, wakajenga, wakasomesha wadogo zao. Rizki ya Allah haina mpaka. Ila kutawakali ni baada ya kumfunga ngamia.

Yule mama alirudi kwa wakala kuomba mkataba. Alikasirika, akasema nafasi atampa mwingine. Ng'ombe bado yupo. Binti naye bado hana kazi, na hilo silifichi, maana kusema "msiende" tu ni rahisi. Wenye maduka Kilombero, wenye mafundi cherehani, wenye hoteli, mnaosoma hapa: mkifungua mlango mmoja kwa binti kama huyu mnamnyima dalali wa uongo mteja. Na wewe unayeombwa udhamini wa maneno, jiulize maswali matatu ya Umar kwanza.

Ewe Mola, wahifadhi watoto wetu walio ugenini, warejeshe salama, na uturuzuku halali tukiwa karibu na tukiwa mbali. Aamiin.

Wallahu a'lam. Mfikishie aliye karibu kulipa.