Bei ya Hakeem Olajuwon

Mkataba wa Hakeem Olajuwon, Mwislamu wa Nigeria aliyewapa Houston ubingwa wa mpira wa kikapu wa Marekani 1994 na 1995, ulipokwisha mwaka 2001, thamani yake ilikuwa ngapi? Umri miaka 38. Msimu uliopita alicheza mechi 58 kati ya 82, wastani wa pointi 11.9. Houston, waliomjua hata maumivu yake, yasemekana walimpimia dola milioni 13. Toronto walikuwa wametolewa na Philadelphia kwa pointi moja mechi ya saba. Waama, mwenye kiu haulizi bei ya maji. Wakatoa milioni 18, miaka mitatu. Mizani ya Houston ndiyo iliyokuwa sawa: alicheza msimu mmoja, wastani pointi 7.1, mgongo ukamstaafisha 2002.