Mwenye kizimba aone soko kabla zege halijamwagwa

Mkulima wa nyanya anayeshusha matenga yake sokoni alfajiri hana muda wa kuuliza nani alichora soko hilo. Hata hivyo, gharama ya mchoro huo anailipa yeye kila siku. Lango likiwa jembamba, malori hupanga foleni na nyanya huivia juani. Mfereji ukijengwa juu kuliko sakafu, mvua ikinyesha maji huingia vizimbani. Ushuru analipa yeye, na hasara anabeba yeye.

Makosa ya namna hii mara nyingi huanzia mezani. Msanifu majengo huchora yake, mhandisi wa nguzo na mihimili yake, na wa umeme na maji zao. Michoro hiyo inaweza kukutana kwa mara ya kwanza saiti, pale fundi bomba anapokuta mhimili umeziba njia yake. Zege hubomolewa, mkandarasi huomba nyongeza ya fedha na siku za kukabidhi jengo husogezwa mbele. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika ujenzi, ufa wa kwanza huwa uko kwenye karatasi.

Dawa mojawapo ni kielelezo cha kidijitali cha jengo, ambacho wataalamu hukiita kwa kifupi BIM. Hapa wahusika wote huingiza kazi zao katika jengo moja lililo ndani ya kompyuta. Kila ukuta, bomba na nondo huwa na vipimo vyake na aina ya vifaa vyake. Bomba likigongana na mhimili, programu huonyesha kabla mfuko wa kwanza wa saruji haujanunuliwa. Mkadiriaji majenzi naye hupata hesabu ya vifaa kutoka humo humo.

Nchi nyingine zimeliingiza jambo hili katika sera na sheria zao. Mwaka 2011 serikali ya Uingereza ilitangaza kuwa ifikapo 2016 miradi yake ya ujenzi itatumia vielelezo hivyo, na Aprili 2016 sharti hilo likaanza kazi kwa miradi ya serikali kuu. Umoja wa Ulaya, katika mwongozo wake wa ununuzi wa umma wa mwaka 2014, uliziruhusu nchi wanachama kudai zana hizo. Italia ilikwenda kwa ngazi. Ilianza mwaka 2019 na kazi za euro milioni 100 na zaidi, ikashusha kiwango kidogo kidogo, na tangu Januari 2025 sharti linagusa kazi zinazozidi euro milioni 2.

Tanzania imepiga hatua yake. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 imeweka ununuzi wa serikali katika mfumo wa kielektroniki, na zabuni sasa hupitia NeST. Lakini kutangaza zabuni kwenye mtandao ni jambo moja, na kujua kinachojengwa ni jambo jingine. Mchoro mbovu uliopakiwa kwenye kompyuta bado ni mchoro mbovu.

Chukua mfano wa Soko la Kariakoo, lililosanifiwa na Beda Amuli na kujengwa miaka ya 1970, likiwa na ghorofa ya chini ya ardhi na paa la miavuli ya zege. Julai 2021 liliungua. Jengo la aina hiyo linapopata janga, wahandisi huhitaji kujua haraka kila nguzo na kila njia ya umeme ilipo. Kielelezo kilichotunzwa vizuri hutoa jibu hilo, na huwasaidia pia mafundi wa matengenezo ya kawaida.

Wapo watakaosema kwamba sharti hili litawaua wakandarasi wadogo. Hoja hiyo ina uzito. Programu ni ghali, kompyuta zake ni ghali na wataalamu ni wachache. Hivyo basi, sheria isianze na darasa au zahanati inayojengwa kwa fosi akaunti na mafundi wa kijijini. Ianze na masoko makubwa, machinjio na maghala ya mazao, kisha ishuke kwa ngazi. Mwongozo wa Ulaya wenyewe unamtaka mnunuzi atoe njia mbadala kwa wazabuni mpaka zana hizo zitakapopatikana kwa wote.

Mambo matatu yaandikwe wazi ndani ya mkataba. Kwanza, kielelezo kiwe mali ya halmashauri, na kihifadhiwe kwa muundo huria wa IFC ili halmashauri isiwe mateka wa muuza programu mmoja. Pili, kirekebishwe kadiri ujenzi unavyokwenda, na kikabidhiwe pamoja na funguo. Tatu, wafanyabiashara na wakulima waonyeshwe soko lao kwenye kioo kabla ya mkataba kusainiwa, ili mwenye lori aseme kama lango linamtosha.

Kielelezo peke yake hakizuii wizi. Lakini nondo zikishahesabiwa hadharani, atakayezipunguza atakuwa na maswali ya kujibu. Kikao kijacho cha baraza la madiwani kitakachojadili soko jipya ni mahali pazuri pa kuanzia: diwani aulizwe kielelezo kiko wapi, na nani amekiona.